Kadi ya Ubatizo ya Dada Bonareri

Jumamosi, 11 Septemba 1971

Tumechuma chai ya masista tangu asubuhi mpaka saa sita. Vidole vyangu ni vyeusi. Nyumbani Ekerenyo leo ni Sabato, Mama hata kupika hapiki, wanakula cha jana — na mimi hapa na kikapu mgongoni! Mwaka wa pili huu na mkono bado unasita kila Jumamosi. Kesho nitavaa gauni jeupe niende Misa. Mungu ananihesabia siku gani, sijui.

Baada ya chakula Sista Aloisia, mwalimu wetu mkuu, alitangaza kwamba Askofu atakuja tarehe 10 Oktoba kutupa Kipaimara sisi wa darasa la saba. Ameandikia parokia zetu zithibitishe ubatizo wa kila mmoja. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilipiga nyuma yao.

Niandike mara moja tu, halafu daftari lirudi chini ya godoro. Hapa naitwa Perpetua Bonareri. Mimi si Perpetua Bonareri. Mimi ni Orpah Gesare. Perpetua ni dada yangu, binti wa Baba Mkubwa, ambaye ni Mkatoliki. Shule hii haichukui msichana bila kadi ya ubatizo, na sisi Waadventista hatubatizi watoto, mpaka mtu akue aingie mtoni mwenyewe. Baba aliitaka shule hii kwa sababu wasichana wake wanapita mtihani. Kadi ya dada ilikuwa imekaa bure sandukuni. Ndiyo hiyo.

Jumatatu, 13 Septemba

Kwa kadi nina miaka kumi na minane. Kwa kweli nina kumi na minne. Bitutu, jirani yangu wa kitanda, leo amenipima na ufagio: eti bibi kizee, utarefuka lini? Bweni zima kicheko. Nilicheka pia. Siku hizi wakiita Perpetua naitika kabla ya kufikiri. Likizo iliyopita Mama aliniita Orpah mara tatu ndipo nikageuka.

Jumapili, 19 Septemba

Siku ya wazazi. Baba alikuja na ndizi na njugu za kuchemsha. Hakuingia kanisani, alisimama nje kwenye ua mpaka Misa ikaisha. Nikamwambia habari ya barua za Sista. Akauliza, hilo jina limo katika daftari la parokia au halimo? Nikasema limo. Akasema, basi nyamaza, ufanye mtihani, jina tutalinyoosha baadaye kwa D.O., afisa wa tarafa. Kwa Baba kila kitu hunyooshwa kwa D.O.! Nikauliza, na komunyo ninayopokea kila Jumapili bila kubatizwa, hiyo itanyooshwa na nani? Akatazama viatu vyake.

Halafu akachangamka. Dada Bonareri ameposwa! Mwalimu Ogari wa Nyamarambe, mtu mpole, ng'ombe wameshaingia bomani. Nilirukaruka pale uani kama mtoto. Dada ndiye aliyeniletea ile kadi kwa mkono wake mwenyewe, akasema soma na sehemu yangu, mimi shule ilinishinda.

Alhamisi, 30 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimeitwa ofisini kabla ya hesabu. Nikajua barua imefika. Sista Aloisia alifunga mlango. Barua ya parokia ilikuwa mezani. Nikaanza kupiga magoti — naye akainuka, akanikumbatia! Sista, ambaye hata kwa mkono hasalimii vizuri!

Akasema, mwanangu, kwa nini hukuniambia? Nikasema nisamehe, Sista. Akasema, nikusamehe nini, wenye kosa ni wazazi wako. Wanakuoza mwezi mmoja kabla ya mtihani!

Akanisomea. Perpetua Bonareri alibatizwa pale, ni kweli. Tena ametangazwa kanisani Jumapili mbili, harusi ni Jumamosi tarehe 9 Oktoba. Barua inasema pia alipata Kipaimara mwaka 1966, na Kipaimara hupokewa mara moja tu. Hilo Sista hakulijali, eti makarani wa siku hizi wanaandika wakisinzia.

Akauliza, unamjua huyo mwanamume? Nikasema simjui. Kweli tupu! Unataka kuolewa? Hapana, Sista. Kweli tupu tena! Ulikubali utangazwe? Sikukubali. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na nilipotoka mle ndani nilikuwa nimemdanganya kuliko siku zote za miaka miwili.

Anasema kwao Machakos dada yake mwenyewe alitolewa darasani hivyo hivyo, akafa katika uzazi. Machozi yalimjaa. Anasema atamwandikia padri leo leo asimamishe hiyo harusi. Nami niliitikia kwa kichwa. Nilikubali nini? Mungu wangu, nilikubali nini?

Jumamosi, 2 Oktoba

Shule nzima inajua. Katika chai leo hawakuniacha nibebe kikapu. Bitutu amenipa sukari yake yote ya wiki na hataniita bibi kizee tena. Jioni walisali rozari niokolewe na huyo mwanamume. Makumi matano mazima! Mimi nilikuwa katikati yao nikijibu, nikiomba dada yangu asiolewe.

Jumanne, 5 Oktoba

Dada amekuja.

Bitutu alisema kuna mgeni nje ya ua wa nyuma. Nikamkuta amesimama na viatu mkononi, ametembea kutoka kituo cha basi, matope mpaka magotini. Macho yamevimba. Nilitaka kumkumbatia lakini ua uko katikati.

Harusi imesimamishwa. Padri ni mgeni pale, alifika Juni, hamjui mtu. Amemwambia kuna msichana shuleni mwenye jina hilo hilo, baba huyo huyo, siku hiyo hiyo ya kubatizwa. Mmoja wenu ni mwongo, akasema, na harusi haifungwi mpaka nijue ni nani. Mbele ya mama mkwe! Mama mkwe sasa anauliza kama wameleta ng'ombe kwa mtu asiyejulikana jina. Gauni limeshashonwa kwa Osman, fundi wa Kisii mjini. Dada ameshindwa kwenda kulichukua.

Nikamwuliza, ulimwambia padri ukweli? Akasema hapana. Nikisema mimi, utafukuzwa, nami ndiye nitakuwa nimekufukuza. Nimemwomba anipe mpaka Ijumaa. Akiniuliza tena nitanyamaza, Orpah. Lakini wewe usininyamazie.

Aliniita Orpah. Nilitazama nyuma kama kuna aliyesikia. Hata katika saa ile niliogopa hilo kwanza! Najichukia.

Jumatano, 6 Oktoba

Nilikwenda kwa Sista baada ya sala. Nikasema, Sista, huyo anayeolewa — hakuniacha nimalize. Akasema najua wamekuja kukutisha, wameonekana kwenye ua. Usiogope. Ijumaa tunakwenda wote kwa padri na baba yako ameitwa. Akanipa kitabu cha majaribio ya mtihani, kile chake mwenyewe. Ameandika ndani: Kwa Perpetua, utafika mbali.

Jina lililopelekwa Nairobi kwa mtihani ni hilo. Nikisema, hakuna mtihani. Hakuna sekondari. Nitarudi kuchuma chai ya Baba siku sita na kupumzika ya saba. Nisiposema, dada atakuwa mke wa nani?

Nimeanza barua kwa Sista mara tatu. Nimechana zote.

Ijumaa, 8 Oktoba

Parokiani. Naandika kwa penseli, benchi la nje ya ofisi ya padri. Sista anadhani napitia hesabu.

Njiani Sista, akiendesha, alisema yule dada yake alikuwa na umri wangu. Nikageukia dirisha.

Baba amesimama karibu na mikaratusi, kofia mkononi. Anatazama jua kila mara. Likizama Sabato imeingia naye atataka kwenda. Hajanitazama hata mara moja.

Dada yuko upande wa pili wa benchi. Kati yetu nafasi ya mtu mmoja. Ana mfuko wa karatasi magotini, kitambaa cheupe kinaonekana. Kumbe gauni alilichukua. Amelileta! Amelileta mpaka hapa.

Nimemwambia polepole, dada. Amenisogezea njugu kwenye leso, kama tulipokuwa wadogo. Nimeziweka mfukoni.

Padri amefungua mlango. Anasema aingie Perpetua Bonareri, peke yake.

Dada hajainuka. Ameshika mfuko kwa mikono yote miwili, ananitazama tu. Sista amenigusa bega, anasema inuka mwanangu, usiogope, niko nyuma yako. Padri anaita mara ya pili. Mguu wangu mmoja umeshaanza kuinuka kabla sijafikiri.