Safari ya Zabibu Kutoka Moshi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hata ulipokuwa hai nilishindwa kusema mengi mbele yako, kwa hiyo nakuandikia.

Farasi wako Zabibu amefika salama. Nilimtoa Moshi alfajiri, na jua halijazama tukawa Arusha. Mgongo wake ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla ya kuuliza mimi nimefikaje.

Tangu tulipokuzika, Zabibu hakumkubali mtu. Aliwauma askari wawili. Kisha ndui ikaingia upande wa Sokon, na daktari wa boma akapata habari kwamba dawa ya kuchanja italetwa kwa gari moshi mpaka Moshi. Imo ndani ya vichupa vidogo, na ikikaa kwenye joto inakufa, inabaki maji tu. Wapagazi wangechelewa. Daktari alipouliza nani anaweza kumpanda farasi aliyetunzwa na marehemu saisi, mtunza farasi wa boma, watu wote waligeuka kunitazama, na mimi nilikuwa nimeshika kitabu changu cha hesabu. Nilitaka kukataa. Lakini mdogo wangu Nasieku alikuwa hajachanjwa, na kila siku alikuwa akicheza na watoto wa Sokon.

Tulipewa siku kumi za kujitayarisha. Kila nilipotoka shule nilimpandisha mlima wa Engutoto, siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi, nikishuka kutembea kando yake kila alipoanza kuhema, kama ulivyokuwa ukifanya. Nilimlowekea mahindi. Sikumwachia majani mpaka umande ukauke. Unakumbuka nilipokuwa mdogo ulinishika mkono ukaupitisha chini ya blanketi la tandiko? "Macho yako yatakudanganya," uliniambia. "Vidole vyako ndivyo vitakavyoona uvimbe." Kwato nilizikagua kwa vidole pia. Mimi mwenyewe mapaja yalichubuka hata nikawa nakaa darasani upandeupande. Mama alinipaka mafuta ya kondoo, akicheka.

Usimkasirikie Mama kwa hili ninalokwambia sasa. Siku moja kabla ya safari alilifua blanketi la tandiko.

"Uende Moshi mbele za watu na guo linalonuka kama beberu?" aliniambia. "Watasema marehemu hakuacha mke!"

Alikuwa amemaliza kipande chote cha sabuni. Mimi nilijua ulivyolikataza jambo hilo: lipigwe fimbo, lianikwe, basi, maana sabuni ikibaki ndani jasho litaiamsha na ngozi itaungua. Nilijua, Baba, nikanyamaza. Alikuwa amelikunja vizuri mno, na tangu msiba sikuwa nimemwona akifurahia kazi ya mikono yake.

Kwenda Moshi tulikwenda polepole, siku mbili, na Zabibu hakutoka jasho la kutisha. Kurudi ndiko kulikokuwa na mbio. Nilikining'iniza kibuyu kifuani, vichupa ndani yake vimezungushiwa kitambaa kibichi na majani ya mgomba, na kwenye kila mto nilikilowesha kitambaa upya. Kwenye mbuga ya Sanya jua lilikuwa kali, lakini Zabibu alikwenda vizuri. Tulipokaribia mto Usa akaanza kurusha mkia na kukunja mgongo. Nikaona povu jeupe likitoka chini ya tandiko. Nilidhani nimemuua kwa uchovu. Nikashuka, nikanusa. Ilikuwa sabuni.

Nilipitisha vidole. Palikuwa pamepata joto, ngozi ilikuwa bado haijapasuka. Nilimwosha mgongo mtoni mpaka utelezi ukaisha. Halafu sikuwa na kitu kingine, Baba. Nilivua kanzu yangu ya shule, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya tandiko badala ya blanketi.

Kwa hiyo niliingia Arusha nikiwa na shuka kiunoni tu, wakati wa soko. Wewe unajua ninavyoona haya hata kusoma kwa sauti. Wanawake wa ndizi walishangilia. Askari mmoja mlangoni pa boma alipaza sauti, "Oya, mwanafunzi! Moshi wamekula mpaka nguo?" Nilimjibu, "Fungua mlango, dawa inaungua." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Alifungua.

Watoto walichanjwa asubuhi iliyofuata, na Nasieku alikuwa wa tatu. Lakini daktari alitueleza kwamba mkono usipovimba baada ya siku chache, basi dawa ilifia njiani. Siku hizo zilikuwa ndefu kuliko mbuga ya Sanya. Niliwaza ule muda niliokaa Usa nikimwosha farasi huku kibuyu kikiwa juani. Nilimwambia Mama habari ya sabuni. Akaniuliza, "Na wewe mdomo uliuweka wapi?"

Leo asubuhi Nasieku ameamka analia. Mkono umevimba, una kipele kikubwa chenye maji. Mama amekitazama, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio kuuliza nani amejifungua. Nasieku anatukasirikia sana. Anasema unauma, na sisi tunacheka tu.

Pumzika, Baba. Huku tu wazima.

Mwanao,
Selemani