Baba mdogo na glasi ya maji

Mwenzangu, uko? Nimetoka kikaoni sasa hivi, hasira bado hazijaniisha.

Baba mdogo, si ndiye bosi wa maji? Kasimama mbele ya waandishi wa habari, eti kipindupindu hiki ni kigeni. Eti mafuriko yametuletea vijidudu kutoka mbali.

KUTOKA MBALI!

Na mimi wa maabara nimekaa pale pale. Nikamwambia vipimo vya vinasaba vimerudi, ni bakteria wa aina ile ile ya mwaka jana. Hawajatoka popote, wako hapa hapa. Mafuriko yamefurisha vyoo, uchafu ukaingia kwenye mabomba yake yaliyopasuka, ambayo mpaka leo hajayaziba.

Akacheka. "Mwanangu, wewe shika vijidudu vyako. Maji yangu ni salama."

Maji yangu ni salama! Unamsikia lakini?

Basi nikainuka, nikakinga glasi kwenye bomba la mle mle ukumbini, nikampa kwa mikono miwili, adabu zote. "Karibu, baba." Kamera zote zikamgeukia.

Akaiangalia ile glasi weee. Mwisho akasema amefunga.

Amefunga! Na makombo ya biskuti yamemjaa kwenye ndevu.