Nafasi ya Kambale ku foto

Butembo, siku ya Mungu, magaribi

Naandika kusudi bakinikamata, bibi yangu Kavira ajue sababu.

Kocha Paluku hakujuaka kunyamaza. Tangu batu ya bunduki balimuua Kambale, beki wetu, ku njia ya Mbau, kila foto mbele ya mechi kocha aliacha nafasi tupu katikati ya bachezaji. Kisha anaenda ku radio kuuliza bakubwa: "Ile nafasi ni ya nani? Mutujibu!" Balimwita ku bureau ya usalama mara mingi. Alirudia anacheka. Miye, musaidizi wake, nilijifichaka nyuma ya gunia ya mipira.

Mwezi yenye imepita tension ya damu ilimuua kocha. Leo ilikuwa mechi ya kwanza bila yeye. Chef mumoja wa usalama alinifuata pembeni ya terrain, akanishika bega pole pole. "Kocha, weye uko mutu wa akili. Leo foto bila nafasi, sawa?"

Nilijibu: "Ndiyo, chef." Kabisa nilijibu vile.

Donc nikapanga batoto bega kwa bega. Bakaniangalia, hapana hata mumoja mwenye alicheka. Aibu ikanishika kuliko woga. Nikasema: "Musogee kidogo, muache nafasi." Kisha tena: "Musogee." Chef alitoa telefone yake, naye akatupiga foto.

Sasa Kavira anauliza juu ya nini nimefunga mulango mapema. Naogopa kumwambia. Leo nafasi zilikuwa mbili.