Waya Unaopanda Juu

Jumamosi, 6 Juni

Mipango amepata mpango mwingine. Huyu mkwe wangu hamalizi wiki bila kuhamisha kitu. Leo ni zamu ya mtandao. Ati ghorofani kwao haushiki, watoto wanashinda sebuleni kwangu wakinisumbua. Nani kamwambia nasumbuliwa? Ruta, kile kisanduku cha mtandao, iko dirishani kwangu tangu marehemu mume wangu yuko hai, na kila jioni nyumba nzima inaifuata hapa. Mwanangu na kompyuta yake, wale pacha na simu ya mama yao, hata yeye mwenyewe Mipango. Mimi kwenye cherehani, wao wamejaa makochi yote. Hatuongei sana. Lakini wapo!

Mwanangu kakubali hapo hapo. Ndiyo kazi yake, kufunga mitandao maofisini. Mimi nikimwomba balbu, mwezi unaisha. Mke kasema neno moja, jioni karudi na ruta mbili mpya kwapani.

Jumapili, 7 Juni

Drili kutwa nzima. Vumbi mpaka kwenye nguo za wateja. Waya umetoka kwenye ruta yangu, umepanda mpaka ruta ya ghorofa ya kati, hapo umeungwa mwingine mpaka ya juu kabisa. Zote tatu jina moja na paswedi moja, ili ukipanda ngazi simu ihame yenyewe, hujui hata imehama lini.

Hilo jina sasa! Lilikuwa KWA MAMA. Mipango anataka libadilishwe, ati la zamani halieleweki. Limewaelewesha watu miaka yote hii! Sasa tunaitwa NYUMBA YA PACHA. Nikasema zuri. Roho iliniuma mpaka nikajidunga sindano.

Jumatatu, 8 Juni

Mtandao umegoma! Simu zinaonyesha zimeshika, lakini hazifungui kitu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kumbe ruta za juu nazo zilikuwa zinazigawia simu anwani za mtandao, kila moja kivyake, vurugu tupu. Mwanangu akazizuia. Kasema ya kwangu tu ndiyo igawe, hizo nyingine zipokee na kupitisha. "Hii yako ndiyo mama yao," akaniambia. "Waya huu ukiachia, huko juu hakuna kitu."

Nilimsikia vizuri sana.

Jumatano, 10 Juni

Jioni. Hakuna mtu. Nasikia wanacheka juu.

Alhamisi, 11 Juni

Mwanangu amepita kutoka kazini. Shikamoo mama, macho kwenye simu, huyoo ngazini. Nikawapelekea chai. Mipango akaipokea mlangoni, akasema nisijichoshe na ngazi, ningetuma ujumbe tu. Ujumbe! Kwa mtu anayekaa juu ya kichwa changu!

Ijumaa, 12 Juni

Nimeulegeza. Kichwa cha waya nimekivuta kidogo tu, kimebaki pale pale, ukikiangalia huoni kitu.

Vishindo kwenye ngazi. Pacha kwanza, kisha baba yao. "Mama, kwako unashika?" Unashika baba, kaeni. Wakakaa! Mwanangu kala hapa hapa, kanisimulia vituko vya bosi wake mpaka nikatoka machozi kwa kucheka. Walipokwenda kunawa nikausukuma ndani. Sijutii hata chembe.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeulegeza tena, wamekuja tena. Furaha nusu. Mipango naye alikuja, wakakaa wananong'onezana yeye na mumewe mbele yangu kama mimi ni pazia. Mwanangu anashuku panya. Kesho anabadilisha waya wa huko juu.

Jumapili, 14 Juni

Yuko ghorofani anafungua dari. Mipango kashuka peke yake, moja kwa moja mpaka dirishani. Kagusa kichwa cha waya kwa kidole, kikatoka. Akanitazama. Nikasema labda panya.

Nikangoja amwite mumewe. Hakumwita. Alivuta kiti mpaka hapa kwenye cherehani, akaketi.

"Uache hivyo hivyo, mama. Tangu ruta ziingie, hata mimi simpati. Nikimsemesha ananijibu mm, mm. Jana hapa ndipo aliponiongelesha."

Na mimi, jamani, cha kwanza kuwaza ni: ahaa, hata wewe! Nikafurahi. Kisha nikaona aibu, nikammiminia chai.

Anadhani hapa naandika vipimo vya mteja. Mwanangu anapiga kelele kutoka juu: mama, hebu tazama, taa ya waya inawaka? Mipango kanikonyeza, kajibu yeye: "Inawaka!" Tumecheka mpaka chai imemwagika.

Sasa mwanangu anashuka. Mipango kainuka haraka, kakaa kwenye kochi la watu wawili, kajiweka sawa khanga, kamwachia mumewe nafasi pembeni. Nimemwona! Nami nimehama na kalamu yangu, nimekaa kwenye kochi lingine, nimesogea mpaka ukingoni. Nafasi kubwa kuliko yake.

Yuko mlangoni—