Kioo cha Ukuta wa Magharibi

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia Jumamosi alasiri, nimeketi benchi la nyuma katika kanisa la rafiki yako Bwana Kilifi, mwendo mfupi kwa gari kutoka nyumbani kwangu Sterling, hapa Virginia. Kesho kabla ya ibada nitapanda ngazi kutazama kile kioo juu ya ufa. Kikiwa kizima, kanisa linabaki. Kikiwa kimevunjika, dayosisi itafunga milango, makaburi yatahamishwa na kiwanja kitauzwa. Yale majengo ya kompyuta yasiyo na madirisha, uliyoyaita maghala ya upepo, yatafika hadi hapa nilipoketi.

Nilikuwa na miaka tisa uliponifundisha kazi hii. Ulikuwa mtunzaji wa kanisa letu la mawe kule Taita, na mimi nilikushikia kopo la chokaa. Ulikata ukanda mwembamba wa kioo kutoka kwenye dirisha lililovunjika, ukaulaza juu ya ufa ukutani na kuugandisha ncha zote mbili. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ulitazama na kuandika katika daftari: Kizima. Kizima. Kizima. Kurasa na kurasa.

Nilipokuwa mwandishi wa habari nilikucheka. "Baba, nani atasoma habari ya jambo ambalo halijatokea?"

"Siku litakapotokea," ukasema, "watauliza jana ilikuwaje."

Ulipokuja kukaa nami Virginia ulilipata kanisa hili kabla hujajua duka la maziwa liko wapi. Uliingia ukagonga kuta kwa kifundo cha kidole, kuta zilizojengwa na watu waliotoka utumwani, mawe wakiyabeba wenyewe kutoka kijitoni. Mzee mmoja Mmarekani mweusi akaja kuona nani anabisha hodi ukutani. Alikuwa mwalimu mstaafu, na Kiswahili alikisoma chuoni ujanani.

"Shikamoo, mzee. Je, ninaweza kukusaidia kwa namna yoyote?"

"Marahaba. Kiswahili chako kimepigwa pasi, bwana. Kikunjekunje kidogo."

Alicheka mpaka akaketi. Jina lake ni Clifton. Wewe ukaona ni usumbufu, ukamwita Kilifi, na sasa hata mchungaji anamwita hivyo. Mliuona pamoja ule ufa chini ya kengele, ukuta wa magharibi. Mkaweka kioo. Ulipolazwa hospitali ukanipa daftari.

"Jumapili ya kwanza, Mghoi. Hata kama hakuna kitu."

Niliandika mara mbili. Kisha ukafariki, nikakusindikiza nyumbani Taita, nikarudi kazini. Sina sababu ya kukupa. Mwezi wa kwanza nilisahau. Miezi iliyofuata niliona haya kukumbuka.

Vuli hii dayosisi ilimtuma mhandisi. Mimi na Kilifi tulimtangulia kwa saa moja. Nilipanda ngazi, nikamulika tochi. Kioo kilikuwa kimepasuka katikati, mpasuko mmoja, safi.

Kilifi aliusoma uso wangu kutoka chini. Akatoa mfukoni kitambaa, na ndani yake ukanda wa kioo aliokata kwenye fremu ya picha. Alikuwa amekuja nao.

"Badilisha," akasema.

"Hapana."

"Kioo ni kioo, Mghoi. Nani atajua?"

"Kilifi, rudisha mfukoni."

"Mama yangu amelala hatua ishirini kutoka hapa! Wewe wako yuko salama milimani. Hakuna atakayemchimbua baba yako ili aweke kompyuta." Alikuwa ameishika ngazi. Kiswahili chake siku hiyo hakikuwa na pasi hata kidogo.

Gari la mhandisi likaingia uani. Ningeweza kukipokea kile kioo. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshuka nusu. Nataka ulijue hilo, maana nimeandika habari za watu wengi walioshusha mikono yao hivyo.

Nikaurudisha.

Mhandisi, mama mmoja mpole mwenye viatu vya matope, alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza: "Kilivunjika lini?" Kama ni walipochimba misingi ya jengo la jirani, alieleza, basi ukuta ulishtuka mara moja ukatulia, na unarekebishika. Kama ni juzi tu, bado unasogea.

Nikafungua daftari. Mwandiko wako, mistari yangu miwili, kisha weupe. Swali hilo nimewauliza mawaziri, polisi na wajane kwa miaka thelathini, na kila aliyejibu "sijui" nilimdharau kimoyomoyo.

"Sijui," nikasema.

Akaagiza kiwekwe kioo kipya kwa miezi mitatu, kitazamwe kila Jumapili, na siku ya mwisho, yaani kesho, atakuwepo mwenyewe. Tulitumia kile cha Kilifi.

Jumapili tatu hakunisemesha. Nilibeba ngazi peke yangu, nikapanda, nikaandika: Kizima. Ya nne nilikuta ngazi imeshasimamishwa, naye ameishikilia kwa chini, anatazama kando. Tangu hapo hajakosa. Jumanne hii mtambo ulianza kuchimba upande wa pili wa barabara, na madirisha ya kanisa yakawa yanalia. Hatujapanda tangu siku hiyo.

Siwezi kueleza vizuri ninavyokukumbuka, Baba. Nakukumbuka ninapochonga penseli.

Sasa hivi Kilifi amemaliza kufagia. Amesimama mbele yangu na ufagio.

"Kesho ukifika juu," amesema, "usinitazame. Kwanza andika."

Nimemwambia sawa. Daftari liko hapa, tarehe nimeshaiweka, na mbele yake nimeacha nafasi ya neno moja.

Lala salama katika mlima wako.

Binti yako, mshika kopo,
Mghoi