Kofia ya marehemu Nunu

Yakhe Badawi, Hamdun kaniaibisha mie!

Jana tumemaliza kazi Jeddah, tukala mutabaki wa moto sokoni, roho safi. Hamdun akavua kofia aliyoshonewa na marehemu mkewe, Nunu, akaiweka juu ya rundo la kofia dukani ajaribu nyingine.

Kuichukua tena, muuzaji akamkamata mkono. "Lipia, mzee!"

Alipie kofia ya Nunu!

"Mwizi we! Mkono wa mke wangu naujua hata gizani!" Wakavutana, soko zima linatazama. Akapokonya kofia, akaivaa, akatoka kifua mbele.

Hata gizani, alisema!

Sasa hivi basini, baada ya safari ya usiku kucha toka Jeddah, kaivua ajipepee. Ndani mna kibandiko cha kiwanda.

Kasimama anamtukana dereva: "Geuza basi, mbwa we!"

Na Riyadh hiyo tunaiona.