Mishumaa ya Saa Nane Mchana

Bredäng, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Shalom kwako na kwa wote hapo nyumbani. Goti linasemaje? Na yule ng'ombe ameshazaa, au bado mnamkeshea? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na sitakuficha.

Nilipopata hii kazi ya kuwaandalia shughuli wasichana wa Kiyahudi chuoni, akina mama wa sinagogi mlinipigia vigelegele. Wee, laiti tungejua! Mapishi ya sikukuu niliandaa, mazungumzo niliandaa, wakaja. Tatizo ni Ijumaa. Kwetu jua linazama saa kumi na mbili mwaka mzima, unawasha mishumaa ya Sabato umeshaoga na sufuria imeshafunikwa. Huku wakati huu wa baridi, Mama, Sabato inaingia saa nane na nusu mchana! Wasichana wako darasani. Kutoka mapema lazima umwombe mwalimu ruhusa, useme na sababu. Hapo ndipo wanaponiponyoka, maana hawataki darasani ijulikane kwamba wao ni Wayahudi. Wanaogopa matusi, wanaogopa na kupigwa. Wamejitoa mmoja mmoja hadi akabaki Noa, anayesomea uuguzi. Yeye kila Ijumaa alimwambia mwalimu anaenda kwa daktari wa meno. Na ofisi ya chuo imeshaniambia, watu wasipokuja, chumba chetu cha kukutania watapewa wengine muhula ukiisha.

Ijumaa iliyopita nilisuka mkate wa Sabato, nikatandika meza, nikangoja. Jua likawa linakwenda, nikawasha peke yangu. Noa aliingia giza limeshatanda, hata koti hakuvua.

"Mwalimu ameniuliza mbele ya wote, meno gani hayo yasiyopona," akasema. "Wakacheka. Nikarudi kukaa."

"Basi njoo ule."

"Debora, naomba uniondoe kwenye kundi la simu. Sitaki jina langu lionekane pale."

Nilitaka kumgombeza, Mama. Nilitaka kumwambia kwamba sisi hata sokoni tunaitwa wale wa Jumamosi, na bado tunauza viazi vyetu. Badala yake nikachukua kisu. Nikamfungia kipande cha mkate, akakataa, eti watu wakiuona umesukwa watamjua. Nililia, usiniulize. Simu sikuigusa hadi Sabato ilipotoka, ndipo nikamfuta. Sasa kwenye kundi nimebaki mimi tu.

Jumapili nilipanda treni kwenda Skärholmen kununua unga. Vijana wakaja kukaa mbele yangu. Nikashtuka mkono wangu unausukuma ndani ya skafu ule mkufu wa nyota ya Daudi ulionivisha wewe. Hawakuwa wameniambia neno, Mama. Hata hawakuniangalia.

Nisalimie kaka Yoeli na shangazi anayewafundisha watoto nyimbo. Baba akiuliza kikundi kinaendeleaje, mwambie huku ni baridi tu.

Binti yako,
Debora